Landrova 109 inazima mchangani, ikipoa inawaka. Nianzie wapi?

BintiChikongola

Wakuu habari za humu, na wazee wote shikamooni.

Nina Landrova 109 (ile ndefu) ya petroli, pikapu, Series III. Najua ni Series III kwa sababu mita ziko mbele ya dereva, siyo katikati, na grili ni ya plastiki. Niliinunua Masasi kwa hela ya korosho. Muuzaji aliapa kwamba injini haijawahi kufunguliwa, lakini hedi ina alama za patasi pembeni, kwa hiyo nikaitikia tu na kushusha bei. Inabeba samaki kutoka Msimbati kuja Feri hapa Mtwara mjini, na msimu wa korosho ukifika itahamia kwenye magunia.

Ugonjwa wake ni huu. Asubuhi inawaka bila ubishi, sailensa (mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia. Kwenye lami haina neno. Nikiingia mchanga na kuweka gia ya kuvutia, baada ya muda inaanza kumisi, inarukaruka, halafu inazima kabisa. Nikikaa pembeni nikanywa dafu taratibu, inawaka na kwenda kama haijawahi kuumwa. Mbele kidogo inarudia. Juzi imenizimia baada ya Madimba, jua la saa saba, nyuma nina changu na pweza na barafu inayeyuka.

Plagi nimeweka mpya, kabureta tumeifungua na kuipuliza. Fundi mmoja anasema koili, ile inayotoa umeme wa plagi, imekufa. Wa pili anasema pampu. Wa tatu anasema injini nzima haifai, na huyo ndiye anayeuza injini. Nyumbani nina spana za milimita, bisibisi na kivuli cha mkorosho, kazi nyingi nafanya mwenyewe nikitoka sokoni.

Mengine ambayo sijui kama yanahusu: mfuniko wa tanki ulipotea huko huko Masasi, nimefunga nailoni nzito na kuikaza kwa mpira wa tyubu ili mafuta yasimwagike. Kijana anayetuuzia petroli ya dumu kule Msimbati kila akifungua anacheka, anasema "dada, gari lako linapumua". Boliti za kabureta zimeanza kuwa mviringo, spana ya 13 inateleza na ya 12 haiingii. Na ubavuni, aluminiamu inapokutana na chuma, kunatoka unga mweupe.

Sina hela ya kununua koili, pampu na injini kwa kubahatisha. Nianzie wapi?

NjombaWaTandahimba

Dada usijitese. Ng'oa hiyo petroli, tia dizeli ya Toyota, 3L au hata 2L, sahau habari ya plagi na pointi. Spea unazipata mpaka kwenye kiosk cha vocha. Hiyo injini ya Muingereza inakunywa kuliko inavyobeba.

Mitwero_Lindi

Hiyo ni joto tu. Petroli inageuka mvuke kwenye bomba kabla haijafika kwenye kabureta, pampu inabaki inavuta hewa. Mimi nilikuwa na fupi, 88, ilikuwa inanifanyia hivyo hivyo nikitoka Mingoyo kwenda Nyangao mchana. Dawa ni kitambaa kibichi juu ya pampu na bomba lake. Beba chupa ya maji, kila kikikauka unaloweka.

MzeeSpanaYaInchi

Marahaba mwanangu, na pole kwa pweza.

Jibu umelitaja mwenyewe halafu ukalipita. Huyo kijana wa dumu ndiye fundi wako wa kwanza mwenye akili. Mfuniko halisi wa tanki hilo una njia ya kuingiza hewa. Pampu ikivuta petroli, nafasi inayobaki lazima ijazwe na hewa, la sivyo tanki linavuta upande wake na pampu upande wake. Mama zetu wakifungua kopo la mafuta ya kula hutoboa matundu mawili, la kumiminia na la hewa. Wewe umebaki na moja, na tena umelikaza kwa mpira wa tyubu. Kwenye lami injini inakunywa polepole, kahewa kanakopenya kwenye mikunjo ya nailoni kanatosha. Mchangani injini inafanya kazi nzito, inakunywa haraka, hewa haiwahi. Ukikaa na dafu lako hewa inaingia, inawaka.

Kipimo chake ni bure. Safari ijayo ikizima, usiguse boneti. Nenda moja kwa moja kwenye mdomo wa tanki, legeza nailoni, sikiliza. Ukisikia fyuu, pampu mafuta kwa mkono na uwashe pale pale bila kusubiri ipoe. Ikiwaka, umepata mchawi. Pampu yako ya mafuta, kama hawajaibadilisha, ina kikombe cha kioo chini na kijiti cha kupampia pembeni. Kijiti kikiwa kimelegea hakina nguvu usidhani pampu imekufa: injini imesimama mahali ambapo mkono wa pampu umeshasukumwa hadi mwisho. Zungusha injini kidogo kwa hendeli, jaribu tena, utasikia kinashika. Na hendeli ishike dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie. Injini ikirudisha teke, gumba lililozungushwa linavunjika.

Nailoni usiitoboe ukaridhika nayo. Petroli itaruka kwenye kona na kutiririka ubavuni, na kule Feri kila mtu anavuta sigara. Tafuta mfuniko halisi. Dar mtu wako aulizie Gerezani na Kariakoo, akikosa aulizie Arusha, kule Landrova bado ni nyingi, Oktoba 2024 walizifanyia hata tamasha zima.

Sasa tuseme nailoni si yenyewe. Hapo ndipo unatafuta, na swali ni moja tu: umekosa cheche za plagi au umekosa mafuta? Lazima uulize ikiwa imezima na bado ya moto, maana ikishapoa kila kitu kitakuonyesha uzima. Chomoa waya mnene wa katikati kwenye distributa (kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi), ushike kwa kitu kikavu kisichopitisha umeme, ncha yake ikae karibu na chuma cha injini, mbali na kabureta, mwenzako apige selfu. Cheche ya buluu inayolia tak tak ni nzuri. Ikiwa ya njano, nyembamba, inayokatika, shuku kondensa kabla ya koili. Kondensa ni kakopo kadogo ndani ya distributa, ka bei ya soda, na hufa kwa joto na kufufuka likipoa. Watu wananunua koili mbili mfululizo kumbe ni kale kakopo. Ukikosa ya Landrova, ya gari lolote la zamani la volti 12 lenye pointi (kale kaswichi ka ndani ya distributa kanakokata umeme wa koili) itafanya kazi, mradi uweze kuifunga isicheze.

Cheche ikiwa nzuri, angalia kikombe cha kioo. Kikiwa kitupu au nusu, ni mafuta. Kifungue, mwaga, utakuta mchanga na kutu ya tanki chini yake, na juu kuna kichujio cha wavu. Ukirudisha hakikisha gasketi yake haijapasuka, maana hapo ndipo pampu inaponyonya hewa na wewe unatukana koili.

Mitwero, kitambaa chako nakikubali kama kipimo. Kama dawa hapana. Bomba la mafuta likiwa linachemka uliza limepita wapi. Mengi yaliwahi kukatika yakaungwa kwa mpira, mpira ukalala juu ya egzosi. Lirudishe njia yake, utatupa chupa ya maji.

Spana. Hiyo boliti si ya 12 wala 13, ni nusu inchi, milimita 12.7. Ya 13 inaingia na kuacha nafasi ndogo, na nafasi hiyo ndiyo inayokula pembe. Series III karibu yote ni spana za inchi: saba kwa kumi na sita, nusu, tisa kwa kumi na sita, robo tatu. Robo tatu unaweza kudanganya kwa 19, zinalingana. Tisa kwa kumi na sita usithubutu kwa milimita, 14 haiingii na 15 itaimaliza. Nunua spana nne tu za inchi kabla ya kununua spea yoyote. Aliyenifundisha kazi Nachingwea alikuwa na boksi la spana za Whitworth zilizoachwa na Waingereza wa mradi wa karanga, ule uliovunjika 1951, na kwa miaka yote ile hakuna kijana aliyeruhusiwa kuzigusa kabla ya kunawa. Hizo ni hesabu nyingine kabisa: iliyoandikwa 1/4 W mdomo wake si robo inchi, ni kama milimita 13.3. Ukikuta boliti ambayo nusu inchi haiingii na 14 inacheza, ujue umekutana na mzee wa zamani, mwache mpaka upate spana yake.

Kuhusu injini ya Toyota, njomba wa Tandahimba hajakosea kila kitu. Ila injini hiyo ya silinda nne, sentimita za ujazo 2,286, ni ngumu kuiua na nyepesi kuitengeneza chini ya mkorosho. Nafasi ya pointi iwe milimita 0.35 hadi 0.40. Valvu 0.25. Plagi 0.75 hadi 0.80, na kama huna fila geji (vile vibati vya kupimia nafasi), kadi ya benki ina unene wa 0.76, ipitishe. Kabla ya kumlipa mtu akuletee injini nyingine, lala chini ya gari uangalie utaifunga juu ya nini. Huo unga mweupe unanitia wasiwasi kuliko kuzima kwake. Piga picha chesisi.

FundiUmeme_Naliendele

Naongeza kidogo kwa mzee. Dada, kama uliwahi kubeba salfa, ile dawa ya unga ya korosho, kwenye hilo gari, au mwenye nalo wa kwanza alibeba, na kwa Masasi sidhani kama hakubeba, fungua vichwa vyote vya waya. Vumbi la salfa na unyevu vinaifanya shaba iwe nyeusi. Waya unaonekana mzima nje, ndani umeme unapita kwa kuomba. Anza na waya wa ethi (unaorudisha umeme) kutoka betri kwenda chesisi na ule wa kutoka injini kwenda chesisi. Toa, piga msasa mpaka chuma king'ae, rudisha, paka vaselini juu.

Rangi za waya za Muingereza ukizijua hutapotea: kahawia unatoka betri moja kwa moja, mweupe una umeme ukifungua swichi na ndio unaokwenda kwenye koili, kijani umepita kwenye fyuzi baada ya swichi, mweusi ni ethi. Taa kubwa ni familia ya buluu. Shida ni magari yaliyopita kwa mafundi wengi, unafungua unakuta kila kitu chekundu. Ukikuta hivyo usikate chochote kabla ya kuchora.

BintiChikongola

Asanteni sana. Mzee, shikamoo tena. Nimetoka Msimbati leo. Imezima pale pale pa siku zote, nikashuka, nikafungua nailoni, ikavuta hewa kwa sauti mpaka utingo wangu akarudi nyuma. Nimepampu kwa mkono (kijiti kilikuwa kimelegea kweli, tukazungusha hendeli), imewaka hapo hapo ikiwa ya moto. Kutoka hapo nimekuja na nailoni imelegezwa, utingo kakaa nayo jicho, haijamisi hata kidogo. Mfuniko umeshaagizwa Gerezani, unakuja na basi.

Waya wangu wa ethi wa injini haupo kabisa. Kuna boliti tu.

Na salfa ndiyo, chini ya zulia la kiti nimekuta ya njano imeganda.

Chesisi nimelala chini nimeangalia kwa tochi. Kwa mbele inaonekana nzima, imepakwa rangi nyeusi nene. Nyuma, ile boriti ya mwisho inayoshika ndoano ya kuvutia, nimegusa kwa bisibisi likaingia lote. Ikatoka kutu imelowa, na maji. Harufu ya samaki. Niuze?

MzeeSpanaYaInchi

Usiuze. Boriti ya nyuma ndiyo huanza, na ndiyo rahisi kuliko zote kubadilisha.

Sikia gari lako lilivyo. Bodi ni aluminiamu, chini ni chesisi ya chuma yenye umbo la boksi, wazi ndani. Landrova ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam 1948, na Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa kwa kibali, ndiyo maana wakavika gari zima aluminiamu. Watu wanaona bodi haina kutu wanasema gari halina ubovu. Bodi hiyo itakuwa nzima siku chesisi inakatika vipande viwili. Na pale vinapogusana, pakipata maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, ndio huo unga. Ukifungua paneli hizo, kwangua unga wote, paka praima pande zote mbili, halafu weka ukanda wa mpira wa tyubu katikati kabla ya kufunga. Hapo tyubu ina kazi ya halali.

Chesisi ina matundu ya kutolea maji kwa chini. Yako yamezibwa na mchanga na magamba, kwa hiyo maji ya barafu ya samaki, yenye chumvi, yanaingia kupitia sakafu na kukaa ndani. Chukua waya mgumu uyazibue yote, kuanzia mbele mpaka nyuma. Kisha ingiza mpira wa maji baridi ndani ya boksi, uache mpaka yanayotoka chini yawe meupe. Utashangaa kinachotoka. Kila ukirudi Msimbati fanya hivyo kabla hujaosha bodi, bodi inaweza kungoja. Na samaki wabebwe ndani ya matangi ya plastiki, maji yaishie humo.

Ile rangi nyeusi nene ya mbele siiamini. Mtu anayeuza huipaka akijua kwa nini. Usiiangalie, igonge. Nyundo ndogo, tembea nayo toka mbele: chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kopo lililojaa udongo. Gonga zaidi masikio ya springi za mbele, mikono inayotoka pembeni ya chesisi kushika ukuta wa injini, na juu ya ekseli ya nyuma ambako tope hukaa. Kisha ndani, inua zulia pale unapoweka miguu, na chini ya nguzo za milango. Ukuta huo ni chuma, siyo aluminiamu, nao huoza kimyakimya.

Ukikuta masikio ya springi na sehemu ya juu ya ekseli ni nzima, gari ni lako, badilisha boriti ya nyuma uendelee na biashara. Ukikuta masikio yameoza pande zote, hapo tuongee tena kuhusu bei ya muuzaji wa Masasi.

Jingine, ukimaliza kuosha na pakakauka, oili chafu unaweza kunyunyiza ndani ya boksi. Nje usipake, inashika mchanga. Na isifike kwenye breki. Ukishakuwa huko nyuma angalia pia mafuta ya breki yaliyomo, kuna watu hujaza mafuta ya haidroli kwa sababu ni mekundu na rahisi, mipira yote ya breki inavimba.

NjombaWaTandahimba

Mzee, kwa hiyo 3L yangu nimrudishie mwenyewe?

MzeeSpanaYaInchi

Irudishe njomba, na umsalimie.

BintiChikongola

Nimegonga. Masikio ya mbele yanalia vizuri pande zote. Mkono mmoja wa kushoto umejibu udongo. Juu ya ekseli pazima. Nina fundi wa kuchomelea hapa Magomeni anasema atakuja nayo mashine nyumbani, akate boriti na ule mkono siku moja, na kwamba tanki tulifunike tu na gunia la maji.

MzeeSpanaYaInchi

Hapana. Gunia la maji ni la kufunika barafu. Kwa mashine ya kuchomelea, tanki litolewe. Kwenye hiyo pikapu liko chini ya kiti cha kulia, siyo kazi kubwa: mwaga mafuta yote kwenye madumu, uyapeleke mbali na nyumba, fungua bomba na mpira wa mdomo, legeza boliti zake (za inchi), lishushe na uliweke upande ambao upepo hauleti harufu kwenu. Tanki tupu lenye mvuke ni baya kuliko lililojaa, usimruhusu mtu aseme "si limeshakwisha mafuta". Ukiwa umelishusha utazame ndani, kutu inayoingia kwenye kikombe cha kioo inatoka humo.

Waya za betri toa zote mbili, na chomoa plagi ya altaneta, umeme wa kuchomelea unaua daiodi zake. Ethi ya mashine aishike karibu na anapochoma, siyo kwenye bampa ya mbele. Na kabla hajakata boriti ya zamani, bodi ya nyuma iwekewe jeki na magogo, mpime umbali kutoka masikio ya springi mpaka boriti kushoto na kulia, muandike kwa chaki ukutani. Mkichomea kabla ya kupima, gari litakwenda Msimbati ubavu.

Akikataa kutoa tanki, mwambie aende zake, tafuta mwingine.

BintiChikongola

Amekubali. Tunalishusha Jumamosi, yeye na mimi na utingo. Spana nne za inchi zimefika pamoja na mfuniko.